Tiki moja: nilivyogombana na shoga yangu kwa kufuatilia tamthilia

Nimekaa na hili jambo zaidi ya mwaka nikiogopa kuliandika maana mwenyewe anaweza kulisoma. Ila juzi dukani hapa Chuno nimewasikia kina mama wawili wanabishana kuhusu tamthilia, mwanzoni ni vicheko tu, alafu mmoja akamwambia mwenzie "na wewe tabia zako ndo hizo hizo, ndo maana unamtetea". Yule mwenzie akanyamaza. Akachukua kiberiti chake na chenji yake akaondoka hajaaga. Niliuona uso wake. Nikasema leo naandika.

Mi ni fundi cherehani, niko Mtwara mjini, kwetu hasa ni Newala. Kazi nafanyia barazani kwangu, cherehani iko karibu na mlango na tv iko sebuleni, nilikuwa nimeigeuza iangalie nje ili nikiwa nashona niione. Shoga yangu yeye anakaa Magomeni, anauza vitenge na mitandio, mzigo anaufuata Kariakoo kila baada ya miezi miwili mitatu. Tumekua pamoja Newala, tumechezwa unyago mwaka mmoja, somo wetu mmoja. Mteja akija kwangu hana kitambaa namwelekeza kwake, mteja akinunua kwake anamleta kwangu. Miaka kumi na moja tumeenda hivyo na hatujawahi kuandikiana karatasi hata moja. Nampa laki mbili, laki tatu, mkononi, anahesabu hapo hapo, anafunga kwenye upindo wa khanga, safari.

Tamthilia nilianza kufuatilia mwisho wa 2023. Hela za korosho zilikuwa zimeingia, mjomba akanitumia mgao wangu wa mikorosho ya marehemu mama, nikanunua tv ya inchi 32 na kisimbuzi. Jina la tamthilia silitaji maana yenyewe haina kosa. Ni ya Kituruki imewekewa sauti za Kiswahili, Jumatatu mpaka Ijumaa saa mbili usiku, asubuhi yake marudio, wikiendi wanarudia wiki nzima kwa mkupuo. Hadithi yake ni mzee mmoja ana hoteli, anafariki, watoto watatu wanagombania ile hoteli, baba yao mdogo anaghushi wosia, na katikati yao wako marafiki wawili toka utotoni, mmoja ni binti wa marehemu na mwingine ni binti wa mpishi wa ile hoteli. Huyu binti wa mpishi ndo alinikamata roho. Anacheka na mwenzie, anamsuka nywele, anamfuta machozi, alafu wewe mtazamaji unaonyeshwa akitoka pale anaenda kukutana na yule baba mdogo kwenye gari. Kila siku unamwona. Unatamani kuingia kwenye kioo umwambie yule dada amka, unauzwa.

Nilikuwa napiga kelele kabisa. Wanangu wanajua, ikifika saa mbili mama haongeleshwi. Nimeunguza sufuria mbili za wali wa nazi, ile ya pili ilitoboka. Hayo madogo.

Gharama niziseme kwa sababu watu wengi tunajidanganya kwamba tv ni starehe ya bure. Kifurushi kila mwezi, na kikiisha katikati unakopa maana huwezi kukosa Alhamisi. Umeme, mi niko kwenye lile kundi ambalo elfu kumi unapata uniti 28 na ukiwa ni mara ya kwanza kununua kwa mwezi kodi ya jengo inakatwa humo humo, sasa tv inawaka toka saa nne asubuhi marudio mpaka saa tano usiku, na feni, na joto la Mtwara mnalijua. Nikawa nanunua luku mara mbili ya zamani. Alafu bando, maana umeme ukikatika usiku nawasha simu natafuta vipande vya ile sehemu, na kwenye grupu la WhatsApp la wapenzi wa tamthilia tunatumiana voisi za dakika nne nne. Lakini kilichonigharimu zaidi ya vyote ni kazi. Gauni la siku moja nikawa namaliza siku tatu. Mguu uko kwenye pedali ila macho yako ndani. Kuna mteja nilimkatia mkono wa kushoto mara mbili, kitambaa cha elfu thelathini na tano, nikakilipa. Mwenye kazi ya mikono akiniuliza leo namwambia tv iwe chumba ambacho kazi haipo, na uangalie ile ya usiku tu, marudio ya asubuhi ndo yanakula mtaji.

Mama yangu naye alikuwa mtu wa michezo ya kuigiza. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, na huko kwetu ilichelewa zaidi, kwa hiyo yeye ilikuwa redio. Mwaka 1993 Redio Tanzania walianza Twende na Wakati, humo alikuwemo Mkwaju, yule dereva wa lori aliyekuwa na mwanamke kila kituo mpaka ukimwi ukamkuta. Mama alikuwa akimlaani Mkwaju huku anatwanga. Lakini ule mchezo ulikuwa mara mbili kwa wiki, ukiisha redio inazimwa tutunze betri, na kesho yake kisimani wakimwongelea Mkwaju wanaulizana sasa mumeo akija kutoka safari unafanyaje. Ulitengenezwa makusudi watu wajiulize hivyo. Hii yangu ilikuwa kila siku na sikuwa najiuliza chochote, nilikuwa nanywa tu.

Mtu wa kwanza niliyemtazama kwa jicho baya alikuwa mjomba. Sisi ukoo unakwenda kwa mama, mikorosho ya mama yuko nayo mjomba, ndo anaisimamia, anaita wa kupalilia, anaita wenye mabomba ya kupulizia, korosho zikikusanywa zinapelekwa chama cha msingi, mnada ukipita hela inaingia benki, anatoa gharama alafu anatugawia mimi na mdogo wangu. Toka mama afariki ndo hivyo na hatujawahi kulala njaa tukasema mjomba kala. Sasa mwezi wa pili 2024 ile wiki baba mdogo wa kwenye tamthilia ameonyeshwa anachoma wosia kwenye jiko, mi nikampigia mjomba usiku ule ule saa tatu na dakika kumi. Nakumbuka muda kwa sababu ilikuwa ndo imeisha. Nikamwambia nataka mahesabu yote ya shamba la mama yangu, kilo kwa kilo, na mjue mimi sio mtoto. Maneno hayo sio yangu, Newala hakuna mtu anamwambia mjomba wake "mjue mimi sio mtoto". Ni ya yule binti wa hoteli.

Mjomba akanyamaza kidogo akasema, "Sawa mwanangu."

Siku nne baadae nikapata bahasha imeletwa na dereva wa daladala. Ndani kuna stakabadhi zote za ghala, karatasi za benki, na daftari la shule amepiga mstari kwa rula, palizi shilingi ngapi, petroli ya bomba shilingi ngapi, gunia, usafiri. Miaka mitano. Na kuna sehemu mbili alituongezea hela yake mwaka ambao shamba lilizaa vibaya, hakuwahi kusema. Nikaona aibu ila ilipita haraka, nikajiambia angalau sasa najua. Hapo nilipaswa kusimama. Mtu akinisoma hapa na ameshaanza kumpigia ndugu simu dakika kumi baada ya tamthilia kuisha, mwanangu subiri mpaka asubuhi. Kama neno bado ni lako asubuhi, liseme. Maneno mengi ya usiku ule sio yako, umeazimishwa.

Sasa niingie kwenye yenyewe.

Mwezi wa sita huku ni wakati wa shughuli, watoto wako likizo, familia nyingi zinatoa wali. Mwezi wa nne nilipata tenda nzuri, ukoo mmoja wa Mikindani wanataka sare ya kitenge kwa kina mama ishirini na wawili, rangi moja, doti moja kila mtu. Wakanipa advansi. Nikampa shoga laki nne na elfu themanini akafuate mzigo. Hela nyingi kuliko zote nilizowahi kumpa. Kama kawaida akahesabu, akafunga upindo. Akaniambia Ijumaa tarehe 3 mwezi wa tano nageuza, ukiamka Jumamosi nipo.

Wiki hiyo hiyo kwenye tamthilia binti wa mpishi alitoweka na vito vya mama yake rafiki. Akabadilisha namba ya simu. Wanaonyesha yule mwenzie anapiga, anapiga, simu haipatikani, muziki ule wa huzuni unapiga, na kwenye kipande cha pili cha kioo wewe mtazamaji unamwona mwizi yuko kwenye meli anacheka.

Jumamosi tarehe 4 shoga hajafika. Nikapiga, haipatikani. Ile ndo siku kimbunga Hidaya kimegonga pwani yetu, mvua na upepo, nikasema mtandao. Jumapili ikawa habari imeenea barabara ya Dar imekatika huko Somanga wilaya ya Kilwa, maji yamebeba barabara, mabasi yamekwama pande zote. Mtu mwenye akili timamu angesema yuko kwenye foleni ile. Mi nikapiga hesabu, huyu alisema anaondoka Ijumaa, Ijumaa usiku angekuwa amefika kabla barabara haijakatika, kwa hiyo hakuwa kwenye basi. Hesabu safi kabisa. Niliona nimegundua kitu.

Jumapili ile saa mbili na robo usiku nilikuwa naangalia ule mkupuo wa wiki kwa sababu Alhamisi umeme ulikuwa umekatika nikaikosa. Simu nimeilaza kifudifudi kwenye kochi. Ilitetemeka mara tatu. Namba siijui. Sikupokea, saa mbili sipokei. Baadae kidogo ikaingia meseji ya kawaida, nikaiona mwanzo wake juu ya kioo, "Ni mimi simu yangu imeingia maji tumekwama..." Nikasema matapeli hawa. Tunawajua, wa ile hela tuma kwenye namba hii, wa mama simu yangu imeharibika. Nikaifuta bila kuifungua.

Naomba mnielewe hapa. Meseji ile niliifuta kwa kidole hiki hiki ninachoandikia.

Ilikuwa ni simu ya konda. Shoga alichelewa Dar kwa sababu kitenge kile doti zilikuwa kumi na nane tu dukani, hakutaka kuniletea rangi mbili, akasubiri Jumamosi mwenye duka amletee nne za kumalizia kutoka stoo. Simu yake Ijumaa ilizima chaji gesti haina umeme, Jumapili alfajiri akapanda basi, Somanga wakashuka kwenye mvua na matope kushikilia mizigo, simu ikaingia maji. Namba yangu anaijua kwa kichwa. Ndo hiyo mara tatu.

Mi Jumatatu usiku, saa tatu na kitu, nikatuma voisi. Dakika tatu na sekunde arobaini. Sikumtumia yeye peke yake, nilituma na kwenye grupu letu la kikoba ambalo wanawake thelathini wako humo. Nikasema nimelea nyoka. Nikasema mtoto wa mpishi ni mtoto wa mpishi tu. Mama yake shoga yangu kweli alikuwa mpishi, wa shule ya msingi kule Newala, alitupikia sisi wote uji. Niliposema vile nilijisikia vizuri, siwezi kudanganya. Nilijisikia kama yule dada hatimaye ameamka.

Yeye basi lao liligeuza na kurudi Dar, akafikia kwa ndugu Mbagala, Alhamisi fundi akamkaushia simu, akaiwasha. Kitu cha kwanza kuingia ni voisi yangu. Akaisikiliza mpaka mwisho. Alikuja kuniambia aliisikiliza akiwa amekaa juu ya furushi la vile vitenge kwa sababu pale alipofikia hapakuwa na mahali pengine pa kuliweka. Hakujibu. Angejibu nini?

Na mimi ukimya wake nikausoma. Ijumaa tiki mbili za bluu, hajibu, mwizi. Jumamosi hajibu. Jumapili tarehe 12 nikamtumia tena, tiki moja. Masaa yote tiki moja. Nikasema amenibloku, sasa imethibitika, kabadilisha namba kama yule. Ile Jumapili intaneti ilikuwa imesumbua Tanzania nzima, nyaya za chini ya bahari zilikuwa zimekatika, hakuna mtu WhatsApp yake ilikuwa inatulia. Mwanangu wa kwanza aliniambia kabisa, mama mtandao wote uko hivi. Nikamwambia kaa kimya. Nikavaa baibui nikapanda bajaji mpaka kwa mama yake, siku hizi anaishi kwa kaka yake shoga huku huku mjini, nikasimama uani nikasema maneno mbele ya wajukuu.

Bibi yule alikuwa anamenya ming'oko. Hakuacha kumenya. Aliniambia, "Mwanangu, kaa kwanza ule."

Sikukaa.

Jumatano tarehe 15 saa kumi jioni shoga alikuja. Alizunguka njia ya Songea, akapita Tunduru na Masasi, kwa sababu alijua siku za sare zinanibana. Nilikuwa nashona, tv inawaka. Akaingia barazani na furushi kichwani, akalitua, akalifungua. Akatoa vitenge viwili viwili akavipanga juu ya meza yangu ya kukatia, kila doti anaigusa, kumi na nane, kumi na tisa, mpaka ishirini na mbili. Juu yake akaweka risiti ya duka. Juu ya risiti akaweka chenji, elfu sita na mia tano, noti ya elfu tano ilikuwa bado na ule mkunjo wa upindo. Nauli ya kuzungukia Songea hakuidai, aliitoa kwake. Hakunitazama usoni. Nikamwita kwa jina letu la unyago, lile ambalo wengine hawalijui. Akatikisa kichwa akaondoka, na ndani binti wa mpishi analia kwa sauti ya Kiswahili.

Nilizima tv. Sikuiwasha mpaka mwezi wa nane.

Katika miezi hiyo nimefikiria sana ilikuwaje, maana mi sio mjinga, nimesoma mpaka kidato cha nne, nalea watoto watatu. Nilichokiona ni hiki. Kwenye tamthilia mtazamaji anapelekwa kila chumba. Mtu akifunga mlango wewe uko ndani naye, akipiga simu ya siri unasikia pande zote mbili, akiangalia vibaya muziki unakwambia ndo huyu. Miezi mitano kila usiku nimekaa kwenye kiti cha kujua yote, na nilipotoka pale kwenda kwenye maisha yangu nikaendelea kukikalia kiti kile. Shoga yangu akiwa Somanga kwenye matope mi nilikuwa namwona, namwona kabisa, yuko mahali anacheka na hela yangu. Nilijaza mwenyewe ile picha ambayo hakuna mtu aliyenionyesha. Kwenye tamthilia mtu akinyamaza ana siri. Kwetu mtu akinyamaza mara nyingi chaji imeisha, au ameumia.

Kuna kingine mtoto wa dada yangu aliyesoma Dar alinieleza, na mi kama fundi kiliniingia. Kule Uturuki kwenyewe tamthilia hizi zinaonyeshwa mara moja kwa wiki, na sehemu moja inakwenda masaa mawili na zaidi. Wakiziuza nje ndo zinakatwa vipande vya kama dakika arobaini na tano ili zitoshe kila siku. Kwa hiyo pale panapokatikia, kofi limenyanyuliwa halijatua na wewe unalala na moto kifuani, mara nyingi sio pale mwandishi alipoishia. Ni makasi ya mtu mwingine amekata katikati ya ua la kitenge. Miezi mitano nilikuwa nalala na moto wa makasi.

Kuomba radhi kulinichukua muda kuliko nilivyofikiri. Kosa nililofanya kwanza nilituma voisi ya kuomba msamaha. Usifanye hivyo, ulipomtukania mtu ndo pale pale unapomwombea radhi, kama ilikuwa mbele ya watu na radhi iwe mbele ya watu, na kama kuna mzazi ulimkosea kaanze kwa mzazi. Mi sikuwa najua pa kuanzia, nikapanda gari mpaka Newala kwa somo wetu, mzee sana sasa macho hayaoni vizuri. Nikamweleza yote. Akaniuliza swali moja tu, huyo binti wa kwenye televisheni ulikuwa unamjua? Nikasema hapana somo, ni muigizaji. Akauliza tena kama hakusikia, ulikuwa unamjua? Nikalia.

Akatuma neno. Mwezi wa saba tulikwenda kwa mama yake shoga, mi nimebeba sukari kilo tano na doti ya khanga, somo kaja na mjukuu wake anamshika mkono, na mjomba wangu alikuja kusimama upande wangu, yule yule niliyemwambia mimi sio mtoto. Nikapiga magoti pale pale uani. Bibi akasema aliyasamehe siku ile ile, ila sikukaa kula. Nikala. Alafu kwenye kikao cha kikoba Jumamosi iliyofuata nikasimama nikasema kwa mdomo mbele ya wale wanawake kwamba nilisema uongo, na yule mpishi ndo alinipa mimi uji. Mikono ilikuwa inatetemeka. Shoga alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango, aliniangalia muda wote.

Tenda ya Mikindani niliiwahi, kwa kukesha. Walipendeza sana, rangi moja wote ishirini na wawili.

Siku hizi naangalia tamthilia, sijaacha, na sidhani kama kuacha ndo dawa. Ile nilirudi kuimalizia mwezi wa nane kwenye marudio, na binti wa mpishi mwisho wake vito alikuwa amevipeleka kumtibia mama yake, nililia sana usiku ule na sikumpigia mtu simu. Saa mbili simu iko mapajani inatazama juu, namba nisiyoijua napokea. Mtu akisafiri na hela yangu tunaachiana namba ya pili ya ndugu na neno letu moja la siri, akituma kwa simu ya mtu mwingine alitaje nijue sio tapeli. Na hela tunaandika. Kitabu cha risiti elfu mbili tu stationari.

Kwenye grupu la tamthilia nilitoka. Wale dada hawakuwa wabaya, ila mle mtu anasimulia habari ya binti wa mpishi alafu sentensi ya pili ni wifi yake, na wote mnampa hukumu wifi ambaye hamjawahi kumwona.

Mwezi wa kumi na moja shoga alikuja barazani. Peke yake, na kitenge cha kijani, anataka gauni la harusi ya mdogo wake. Nikachukua utepe nikampima, bega, kifua, kiuno, amepungua, nikaandika namba mpya juu ya zile za zamani ambazo nilikuwa nazijua bila kutazama. Tuliongea habari za mvua na bei ya mnada wa kwanza. Akatoa hela ya ushonaji yote, hakuacha nusu kama zamani. Akasubiri. Nikafikiri amesahau kitu, nikamuuliza.

Akasema, "Naomba risiti."

Nikafungua kitabu, nikaweka karatasi ya kaboni, nikaandika jina lake lote.